Uimbe nini karaoke Japani ukiwa na sauti nzito

Ndugu, kwa sauti nzito na Kijapani cha kusoma hiragana tu (herufi rahisi za Kijapani za kuandika sauti), bendi ya roki ya X Japan waache kabisa. Nota zao za juu zitakukaba koo mbele ya wenzako wa kazini. Anza na "Linda Linda" ya The Blue Hearts, ya mwaka 1987. Inaanza taratibu, halafu kiitikio ni kupiga kelele neno hilohilo, chumba kizima kitakupokea. "Chiisana Koi no Uta" ya Mongol800 nayo inafaa, ila beti zimejaa maneno, zifanyie mazoezi nyumbani. Bendi ya Spitz wanadanganya: wanasikika laini, kumbe mwimbaji wao yuko juu mno. Ukiwataka, shusha kii (kimo cha sauti ya wimbo) kwa rimoti hatua mbili tatu. Kanji, zile herufi ngumu zenye asili ya Kichina, zisikutishe, kwenye skrini huwekewa hiragana juu yake.