Kwa hakimu au kwa jaji?

Barua nyingi mlizotuma safari hii, karibu zote kutoka Tanzania Bara, zinazunguka swali moja: kesi hii ni ya mahakama gani? Nimechagua nne.

Shikamoo wakili. Kaka yangu anashtakiwa kwa mauaji. Kila baada ya wiki mbili analetwa mahakama ya wilaya, anaambiwa asijibu chochote, anarudishwa mahabusu. Kama hakimu hana mamlaka, anapelekwa kwake kufanya nini? (Kahama)

Marahaba. Mauaji ni kesi ya Mahakama Kuu, ila mlango wa kuingilia huko ni kwa hakimu. Upelelezi ukiendelea, hakimu huitaja tu na kuiahirisha, ndiyo maana kaka yako hatakiwi kukiri wala kukana. Siku ya kuikazia macho ni ile atakayosomewa maelezo ya mashahidi na vielelezo kabla ya jalada kwenda juu. Asisinzie. Shahidi ambaye maelezo yake hayakusomwa siku hiyo haibuki tu mbele ya jaji. Upande wa mashtaka lazima kwanza utoe taarifa ya maandishi. Na baadaye mkikuta anayesikiliza ni Hakimu Mkazi mwenye mamlaka ya ziada, yaani aliyepewa uwezo wa kusikiliza kesi za Mahakama Kuu, msishtuke. Ni halali, mradi amri ya kumhamishia kesi hiyo imo kwenye jalada. Rufaa yake huenda Mahakama ya Rufani, kama ya jaji.

Niliibiwa simu, polisi wakapeleka kesi mahakama ya mwanzo. Jirani naye kaibiwa simu, yake iko wilayani. Nani kaonewa? (Mbagala)

Hakuna. Wizi unasikilizwa na mahakama zote mbili. Mahakama ya mwanzo kwa kawaida haivuki kifungo cha miezi 12, ya wilaya miaka 5. (Unyang'anyi wa kutumia silaha ni habari nyingine: kima chake cha chini ni miaka 30, na hakimu wa wilaya anaruhusiwa kuitoa yote.) Hakimu wa mwanzo akiona shauri limemzidi kimo, anaweza kulihamishia wilayani.

Kwako kubwa ni hili: mahakama ya mwanzo kwa kawaida hutamkuta wakili wa serikali. Mlalamikaji husimama mwenyewe na mashahidi wake, mbele ya hakimu. Nimemwona mama mmoja akishinda kwa boksi tu la simu: kalileta ndani ya mfuko wa rambo, hakimu akalinganisha namba za ubavuni na zile za kwenye simu, mshtakiwa akaanza kukohoa. Kama boksi lako ulishalitupa, tafuta risiti.

Mjomba alifungwa miaka 20 na mahakama ya wilaya kwa kukutwa na nyara za serikali. Kwenye rufaa mwenendo mzima umefutwa, eti hakimu hakuwa na mamlaka. Imekuwaje? (Mpanda)

Kumiliki nyara, yaani viungo vya wanyamapori kama pembe, bila kibali ni kosa la uhujumu uchumi, na makosa hayo kwa asili ni ya Mahakama Kuu. Ili yasikilizwe chini, Mkurugenzi wa Mashtaka (DPP) hutoa karatasi mbili: ridhaa ya kushtaki, na hati ya kuipa mahakama ya chini mamlaka. Moja ikikosekana, hakimu kasikiliza kesi isiyo yake hata kama pembe zililetwa hadi mezani. Mahakama ya Rufani imefuta kesi za namna hii mara nyingi, na mimi naona aibu hiyo ni ya waendesha mashtaka, si ya majaji; karatasi zenyewe mara nyingi hazizidi ukurasa mmoja.

Lakini msichinje mbuzi bado. Someni mstari wa mwisho wa hukumu. Mahakama inaweza kumwachia, au kuagiza kesi ianze upya. Msimamo wa tangu 1966, wa Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, ni kwamba kesi hairudiwi ili kuwapa waendesha mashtaka nafasi ya kuziba mapengo ya ushahidi wao.

Niliachiwa mahakama ya mwanzo. Wanaweza kunishtaki tena wilayani kwa kosa lilelile? (Korogwe)

Tafuta nakala ya uamuzi. Ikiwa ulihukumiwa kuwa huna hatia, hapana. Ikiwa mlalamikaji aliondoa tu shauri kabla hujajitetea, wanaweza, na nakushauri usihame nyumba kimyakimya.