Mazda: Inabana Mafuta na Bado Ina Raha Barabarani

Wiki hii maswali mengi yamekuja kuhusu Mazda, hasa gari lao dogo, Demio.

Nataka kununua Demio ya 2012. Muuzaji anasema inakwenda kilomita 30 kwa lita. Ni kweli? (Morogoro)

Namba hiyo hakuitunga. Mwaka 2011 Mazda walitoa Demio yenye injini ya sisi 1300 ya Skyactiv, jina la teknolojia yao ya kubana mafuta, na kipimo cha Japani kiitwacho 10-15 kiliipa kilomita 30 kwa lita bila mota ya umeme. Kipimo kilichofuata, JC08, kikaishusha hadi 25. Lakini hivyo ni vipimo vya maabara: gari linazungusha matairi juu ya roli, hakuna foleni wala mlima. Tena si kila Demio ya mwaka huo ina injini hiyo, kwa hiyo fungua boneti uangalie kabla hujatoa hela.

Ukishanunua, pima mwenyewe. Jaza tangi mpaka pampu ikate, rudisha kihesabu cha safari kwenye sifuri, tembea siku kadhaa, kisha jaza tena kwenye pampu ileile. Ukitembea kilomita 405 na zikaingia lita 27, gari lako linakwenda 15 kwa lita. Hiyo ndiyo namba ya kupangia bajeti.

Inabanaje mafuta bila kuwa haibridi? (Nakuru)

Kwa mgandamizo. Injini hiyo ya 2011 inabana mchanganyiko wa hewa na petroli mara 14 kabla ya plagi kuuwasha, wakati injini nyingi za petroli za enzi zake zilikuwa kwenye 10 au 11. Ukibana zaidi unapata nguvu zaidi kutoka tone lilelile, ila joto hupanda na injini huanza kugonga, yaani mchanganyiko hulipuka ovyo ndani ya silinda. Kwenye baadhi ya injini za Skyactiv, mainjinia walirefusha mabomba ya ekzosi ili moshi wa moto wa silinda moja usirudi kwenye silinda jirani. Kazi ya namna hiyo naiheshimu sana.

Mume wangu anashikilia kwamba gari la kubana mafuta halina raha kuendesha. (Tanga)

Dada, mwambie aingie kwenye Demio na apite barabara ya kona. Uzito ndio unaokula mafuta, na uzito huohuo ndio unaofanya gari liwe zito kwenye kona. Demio iliyotoka 2007 ilipunguzwa takriban kilo 100 kuliko iliyoitangulia, na faida ikaonekana kote kuwili. Kule Hiroshima, nyumbani kwa Mazda, wana msemo, *jinba ittai*, yaani farasi na mpandaji kuwa kitu kimoja. Ndio uliozaa MX-5 ya 1989, gari lao dogo la michezo la viti viwili. Kwenye Demio ya 2014 utauhisi mguuni: pedeli ya mafuta imeshikizwa sakafuni, kisigino kinatulia, unaongeza kidogo kidogo bila kushtua injini. Mguu mtulivu haumwagi mafuta.

CX-5 ya dizeli inafaa kupeleka watoto shule, kilomita tatu? (Dar es Salaam)

Haifai, chukua ya petroli. Ile dizeli ya 2.2 ni tamu safari ndefu, ina msukumo mkubwa, lakini chujio lake la masizi linahitaji mwendo mrefu ili lijichome. Kwa safari fupi halimalizi, na dizeli huchuruzika hadi kwenye oili. Kama tayari unayo, chomoa kijiti cha oili kila wiki: kiwango kikifika alama ya X, badilisha oili mara moja.