Kashata za Tende na Jirani wa Juu

Jirani wa juu yangu hapa mtaa wa Umoja, Nairobi, husogeza viti saa sita usiku. Kwa nini, sijui hadi leo. Mwaka mzima nililala nikimtungia maneno makali ya kumwambia tukikutana kwenye ngazi, na kila tulipokutana nikasema "habari ya asubuhi" nikapita. Maneno yale nilikwenda kumwagia kondakta aliyechelewa kunirudishia chenji.

Rafiki yangu ndiye aliyenionyesha metta. Ni neno la Kipali, lugha ya maandiko ya kale ya Wabudha, na maana yake ni kumtakia mwingine heri. Unakaa kitako, unapumua taratibu, kisha unamtakia mtu mema kimoyomoyo: uwe salama, uwe na afya, uwe na amani. Desturi ni kuanza na nafsi yako, kisha umpendaye, kisha mtu ambaye huna neno naye, kisha anayekukera, mwishowe viumbe wote. Mama aliposikia alinipigia simu.

"Umebadili dini, mwanangu?"

"La, mama. Nakaa kimya dakika kumi tu."

"Wewe? Kimya?" Akacheka hadi salio likaisha.

Kuanza na nafsi yangu kulinishinda. Niliona kama najipigia debe. Nikaanza na nyanya yangu, na moyo ukalainika papo hapo. Kwa hiyo anza panapokuwa rahisi. Kwa yule asiyekuhusu, mimi hutumia mlinzi wa lango letu. Na anayekukera asiwe aliyekuumiza vibaya. Huyo mwache kwanza, hakuna anayekudai. Anza na wa viti.

Usisubiri utulivu pia. Mtaani kwetu honi za matatu huanza kabla hakujapambazuka, nami huziacha zipite kama zilivyokuja. Nikitaka miti naenda Karura. Nikiwa huko nakumbuka kwamba mwaka 1999 mtetezi wa mazingira Wangari Maathai alipigwa akijaribu kupanda mti katika msitu huo, na viti vya jirani vinapungua uzito.

Chakula kiliingia kupitia kwa wale "viumbe wote". Siku moja nilipofika hapo alinijia mbuzi, na ilikuwa Jumamosi, nyama choma inanisubiri. Sikuacha siku hiyo. Niliacha polepole: nyama, kisha mayai, mwishowe maziwa, ambayo kwa mpenda chai ni msiba. Nawe ukiacha vya wanyama kabisa, ulizia vidonge vya vitamini B12 kwenye duka la dawa, kwa kuwa mimea haikupi ya kutosha.

Shida kubwa ilikuwa saa kumi jioni, saa ya keki. Dawa yake ni kashata za tende. Vikombe viwili vya karanga, kikombe kimoja cha tende laini zilizotolewa kokwa, iliki, chumvi kidogo sana, na simsim ya kuviringishia. Tende nanunua Eastleigh. Karanga huuzwa kwa gorogoro, kopo la kupimia, na hapo usione haya kuzichambua: iliyosinyaa, iliyobadilika rangi au yenye ukungu itupe, kwa maana sumukuvu haimalizwi na moto wa jikoni. Kaanga kwa moto mdogo ukikoroga bila kuondoka (simu iache chumba kingine), pukuchua maganda, upepete, kisha twanga. Loweka tende kwenye maji moto dakika kumi, uzichuje, uzikande pamoja na karanga na iliki, ufinyange vidonge. Sukari huongezi. Ila tende nazo zina sukari tele, kwa hiyo mbili zatosha kwa siku, nami husema hivyo nikiwa na ya nne mkononi.

Wenye blenda watumie blenda. Mimi napenda kinu. Mchi ukipanda na kushuka nimeona akili inatulia kuliko hata nikikaa kitako, na pigo moja moja namtakia mtu heri. Zikiwa tayari, tatu za kwanza ni za mlinzi wa lango. Nilikuwa nampita tangu nihamie hapa bila kujua kwao ni wapi.

Basi jioni moja mlango ukabishwa. Alikuwa mama wa chini yangu, mtoto mgongoni, macho mekundu.

"Dada, pole kukusumbua. Hicho unachotwanga usiku ni nini? Mtoto halali."

Ilikuwa saa nne na nusu. Nilimpa kashata sita, akazipokea, ila hakutabasamu.

Siku hizi natwanga Jumapili mchana, kinu kikiwa juu ya gunia lililokunjwa mara nne. Wa juu bado anasogeza viti.