Bima na upasuaji wa kupunguza uzito: nimepungua, je, ninenepe tena ili nikubaliwe?

SWALI: Habari za kazi, dada. Nina miaka 38, naishi Columbus, Ohio, na bima yangu ni ya kazini. Nilipoanza nilikuwa na pauni 240, urefu futi 5 na inchi 4, BMI (uzito ukilinganishwa na urefu) 41. Daktari amesema ninafaa kupunguzwa mfuko wa tumbo, ila bima inataka kwanza miezi sita ya lishe chini ya uangalizi. Niko mwezi wa tatu, nimepungua pauni 9, BMI sasa ni 39.6. Rafiki zangu wanasema nimejiharibia, eti nikishuka chini ya 40 bima inakataa, hivyo nirudishe uzito haraka. Mmoja wao ana mtu anayeuza karatasi za miezi sita kwa dola 300. Presha ninayo, natumia dawa mbili. Nifanyeje?

JIBU: Usirudishe hata pauni moja, dada yangu. Huyo wa dola 300 nitamfikia.

Masharti ya bima nyingi za Marekani bado yamesimama juu ya mwongozo uliotoka mwaka 1991 kwa Taasisi za Taifa za Afya: BMI ya 40 na kuendelea inatosha yenyewe, au 35 na kuendelea ukiwa na ugonjwa unaoletwa au kuzidishwa na uzito, kama kisukari cha aina ya pili, presha, au pumzi kukatika usingizini. Milango ni miwili, na rafiki zako wanaujua mmoja tu. Kushuka kutoka 41 hadi 39.6 hakujakutoa nje, kumekuhamisha mlango. Tena sera nyingi huhesabu BMI ya siku ulipoanza programu, siyo ya siku ombi linapopelekwa. Nyingine huhesabu ya siku ya ombi. Tofauti hiyo imeandikwa kwenye sera ya kitabibu ya kampuni yako, na mratibu wa bima pale kliniki anaweza kukuonyesha mstari wenyewe. Mwambie akuonyeshe, usikubali kusimuliwa.

Hapo kwenye presha, nenda taratibu. Kuna kampuni zinazokubali presha yoyote inayotibiwa, na kuna zinazotaka presha iliyogoma kushuka ingawa mgonjwa anameza dawa tatu kwa pamoja. Wewe una mbili. Kwa hiyo usitegemee presha peke yake: omba kipimo cha usingizi mwezi huu huu. Ukiwa unakoroma na kuamka umechoka, huenda pumzi inakatika usiku bila wewe kujua, na hilo ni jambo la kutibiwa hata kama usingekuwa unataka upasuaji. Bima haisomi neno "anakoroma". Inasoma idadi ya mara pumzi inapokatika au kupungua kwa saa, kwenye ripoti yenye tarehe.

Angalia na urefu wako. Mtu wa pauni 240 aliyeandikwa inchi 64 ana BMI ya 41.2. Akipimwa na raba zake miguuni akaandikwa inchi 65, BMI inakuwa 39.9. Soli ya kiatu imemfungia mlango. Vua viatu kila ziara, na hakikisha urefu ni uleule kwenye faili la daktari wa familia na la mpasuaji, maana anayepitia ombi akikuta namba mbili anaweza kurudisha faili lote.

Sasa hili la kunenepa makusudi, ambalo halikomi kuulizwa. Anayekushauri hivyo anakutilia mchanga kitumbua chako. Uzito ukipanda katikati ya programu, baadhi ya sera huhesabu kwamba mgonjwa hakufuata maelekezo, na hilo linakuwa sababu ya kukataliwa. Halafu kuna ini. Ukila wanga na sukari kwa wingi, mafuta hujaa kwenye ini, linavimba, na upande wa kushoto wa ini umelala juu ya mfuko wa tumbo pale pale mpasuaji anapotaka kufika. Ndiyo maana kliniki nyingi huwapa wagonjwa chakula cha majimaji chenye kalori chache wiki mbili kabla ya operesheni, ini lisinyae. Wewe unataka kulijaza!

Kuhusu miezi sita yenyewe, sitakuficha: Chama cha Marekani cha wapasuaji wa kupunguza uzito kilisema mwaka 2016 kwamba hakuna ushahidi wa kulazimisha muda huo, na mwaka 2022 kikapendekeza upasuaji kwa mtu mwenye BMI ya 35 hata kama hana ugonjwa mwingine. Kampuni nyingi za bima hazijaufikia mwongozo huo. Hasira yako ni ya haki, lakini anayepitia faili anapitia karatasi.

Na karatasi ndizo zinazoangusha watu. Ziara ya mwezi inayosema "mgonjwa anaendelea na lishe, arudi mwezi ujao" haina thamani. Kila ziara iwe na tarehe, uzito uliopimwa siku hiyo, BMI, chakula unachokula, mazoezi unayofanya, tabia mliyokubaliana kubadilisha, na sahihi ya mtoa huduma ambaye bima yako inamtambua; zipo zinazokubali mtaalamu wa lishe, zipo zinazotaka daktari. Miezi ikitakiwa kufuatana, kuruka mmoja kunaweza kurudisha hesabu sifuri. Ziara ya Januari tarehe 3 na ya Machi tarehe 1 haziwi miezi miwili mfululizo, hata uwe na sababu nzuri kiasi gani.

Shajara ya chakula nayo iandike kwa vipimo. "Chai na chapati" haimwambii kitu mtaalamu wa lishe ambaye hajawahi kuona chapati. Andika: chai ya maziwa, sukari vijiko vitatu, vikombe vinne kwa siku. Hapo anaona vijiko 12, karibu gramu 48 za sukari, na ana cha kuandika kwenye faili mwezi unaofuata ukivifikisha vinne.

Tathmini ya mwanasaikolojia usiiogope, hawatafuti wazimu. Wanataka kujua kama unakula kwa msongo, kama unatumia pombe, na kama unaelewa kwamba vitamini utameza maisha yako yote. Kama Kiingereza chako cha mambo ya moyoni ni kizito, omba mkalimani wa Kiswahili. Hospitali inayopokea fedha za serikali kuu inapaswa kumtoa bure, na usimtumie mwanao kutafsiri. Mtoto wa miaka 12 akikosea kidogo swali la pombe, kosa hilo linabaki kwenye faili lako. Ukivuta sigara au shisha, watapima kotinini, yaani mabaki ya nikotini ya tumbaku, kwenye mkojo au damu, na ukipatikana nayo tarehe inasogezwa.

Tuje kwa muuza karatasi. Hajui, au anajua na hajali, kwamba kampuni ya bima ina kumbukumbu zake: kila ziara ya kweli huacha dai la malipo. Faili likionyesha ziara sita na mfumo wao hauna hata dai moja, ataanza kuulizwa nani? Ni wewe. Udanganyifu wa bima ya afya ni kosa la jinai la shirikisho linaloweza kufika kifungo cha miaka 10, na kwa asiye raia hukumu ya namna hiyo inaweza kuvuruga makaratasi yote ya uhamiaji. Yeye atakuwa ameshabadilisha namba.

Wenzake ni wale wa chai za kukausha mafuta kwenye makundi ya WhatsApp. Nyingi kazi yake ni kuharisha na kukojoza. Mizani inashuka kwa maji tu, potasiamu nayo inashuka, na mtu wa nusu kaputi akiona majibu ya damu anaahirisha operesheni. Kuna na madalali wa safari za upasuaji wa bei nafuu nje ya nchi, wanaotaja bei ya tiketi na kitanda. Waulize nani atashughulikia mshono ukivuja siku ya tano ukiwa umesharudi nyumbani, usikie kimya.

Wakati huohuo, wengi hawajauliza swali ambalo lilipaswa kuwa la kwanza: je, mkataba wangu unafunika upasuaji huu kabisa? Mwajiri anayelipia matibabu ya wafanyakazi wake mwenyewe, huku kampuni ya bima ikishughulikia makaratasi tu, anaweza kuuondoa upasuaji huu kwenye mkataba. Ukiwa umeondolewa, rufaa ya kitabibu haifui dafu, hata ukiwa na BMI ya 55. Piga namba iliyo nyuma ya kadi, taja msimbo wa matibabu 43775, ambao ndio wa upasuaji wako, uliza kama umefunikwa au umeondolewa, kisha andika jina la aliyejibu, tarehe na namba ya kumbukumbu ya mazungumzo hayo kwenye mfumo wao. Pia omba ofisi ya rasilimali watu ikupe kijitabu kamili cha mkataba, siyo kile cha kurasa nane chenye picha. Na hata idhini ikitoka, isome: haiahidi malipo.

Wakikukataa kwa sababu za kitabibu, barua lazima itaje sababu. Mwombe mpasuaji azungumze moja kwa moja na daktari wa bima, kwani faili lililokosa ripoti moja mara nyingi hufufuka hapo. Rufaa ya ndani una siku 180 tangu barua ikufikie, na kwa huduma ambayo bado hujaipata wanapaswa kukujibu ndani ya siku 30. Wakikataa tena, una angalau miezi minne kuomba mpitiaji wa nje asiye mfanyakazi wao. Bahasha ya barua itunze pamoja na barua, yenye mhuri wa posta.

Ziara yako ya mwezi wa nne ipangie tarehe leo. Kama una safari ya nyumbani mwezi huo, waulize kabla hujakata tiketi kama ziara ya video inahesabiwa.