Minazi 40 ya urithi na tembo la mezani: jibu kutoka Ganda

Ndugu yangu, umeuliza mambo mawili kwa pamoja. Marehemu baba amekuachia minazi 40 nje kidogo ya Malindi, na hujui uigemeshe tembo, yaani pombe ya mnazi, au uiache izae nazi. Tena unaleta rafiki zako wa Nairobi Desemba, watu waliozoea mvinyo wa zabibu, na unataka kujua tembo letu linaliwa na nini. Mimi nimezaliwa katika shamba la minazi hapa Ganda, jirani na Malindi. Baba aligema mpaka magoti yalipomkatalia, na mwenyewe nilifanya kazi miaka 6 jikoni kwa Waitaliano pale mjini. Kwa hiyo niwie radhi kwa urefu, maana jambo hili liko moyoni mwangu.

Nianze na mti. Mnazi uliokomaa hutoa karara jipya, yaani ala inayofunika maua, karibu kila mwezi. Karara likiachwa lipasuke, maua yakatoka, unapata vidaka, kisha madafu, kisha koroma, kisha nazi, na safari hiyo yote ni kama mwaka mzima. Karara likigemwa, nazi zake hutaziona. Lazima uchague. Baba alikuwa na miti 60, lakini iliyokuwa ikigemwa kwa wakati mmoja haikuzidi 15. Mti ukishagemwa kwa muda aliuacha upumzike, uzae, kisha akahamia mwingine.

Alipoacha kupanda, kaka yangu mkubwa akalitoa shamba kwa mtu aliyekuja na maneno matamu, na mtu huyo akagema kila karara aliloliona. Pesa zilikuja haraka, sikatai. Lakini ule mwaka uliofuata mama alinipa shilingi akanituma sokoni nikanunue nazi za wali. Sisi, wenye minazi 60! Nilizibeba zile nazi tatu mpaka nyumbani nikilia, na mama alipozikuna hakusema neno. Basi kwa minazi 40 mimi nisingegemesha zaidi ya 10.

Na kabla hujamwita mgema, waite wazee. Waulize kama minazi yote 40 kweli ni ya baba yako, na kama hana mingine kwenye shamba la mtu. Kwetu Wagiriama mnazi na ardhi ni vitu viwili. Mtu aliweza kuuza au kuweka rehani minazi na ardhi ikabaki yake, na biashara ile ilishuhudiwa na wazee waliokunywa tembo pamoja siku hiyo. Tsawe wangu, babu mzaa baba, alikuwa na minazi 8 katikati ya mihindi ya jirani, na tulikuwa tukienda kuiangua bila ugomvi kwa sababu mashahidi walikuwa hai. Mashahidi wakifa ndipo maneno huanza. Wahi mapema.

Sasa mgema. Kuna watu wanadhani kugema ni kupanda tu na kukata. Baba alikuwa akitoka alfajiri, saa kumi na moja, kotama, kile kisu cha mgema, kiunoni na kibuyu kitupu begani, anakanyaga zile ngazi alizozichonga kwenye shina. Huko juu karara haligemwi siku ya kwanza. Hufungwa kwa ukanda wa kuti changa, likainamishwa polepole siku baada ya siku ili mdomo wake utazame chini bila kuvunjika. Kisha anakata ncha, kipande chembamba kama ukucha. Akikata kinene, karara linaisha kabla ya wakati wake. Asipokata, kidonda hufunga na maji yanayogeuka tembo hukoma. Nilikuwa nasimama chini na ndoo, nasikia kotama inapita mara moja tu, kwaru, halafu kimya. Kwa mgema asiyejua unasikia kwaru, kwaru, kwaru, na baba akisikia hivyo kutoka shamba la jirani alikuwa akitikisa kichwa kama aliyesikia mtoto akipigwa. Jioni anapanda tena. Mara mbili kila siku, bila Jumapili wala sikukuu, na mti mzuri unatoa lita moja au mbili kwa siku.

Mtu huyu mlipe vizuri, na mkubaliane mapema nani atagharamia hospitali. Tulikuwa na mgema aliyeteleza wakati wa masika, shina limelowa, akavunjika nyonga. Hakupanda tena maisha yake. Mvua ikinyesha usimlazimishe kupanda, hata kama wageni wako wameketi wanangoja.

Nikija kwenye tembo lenyewe. Pale jikoni mjini nilifundishwa na mama mmoja wa Kiitaliano, mpishi mkuu, ambaye babu yake alikuwa na shamba la mizabibu kwao. Alinieleza kwamba wao huvuna mara moja kwa mwaka, joto la kiangazi linapoisha, wanakamua, wanaweka mvinyo kwenye mapipa, na mwingine hukaa miaka ndipo ufunguliwe. Nikamwambia sisi huvuna asubuhi na jioni, na la leo likifika kesho kutwa ni siki. Alicheka kwa furaha, akaomba aje aone.

Hicho ndicho rafiki zako wanapaswa kukielewa kabla ya kitu kingine chochote. Maji ya mnazi yakidondoka ndani ya kibuyu ni matamu kama sharubati, lakini chachu ya asili iko kwenye hewa na kwenye kibuyu chenyewe, na kazi yake inaanza pale pale juu ya mti. Kufika mchana kilevi chake kinakaribia cha bia. Jioni ni kali. Kwa hiyo usiulize tembo linaliwa na nini. Uliza tembo la saa ngapi.

La asubuhi, tembo tamu, ni jeupe kama maji yaliyooshea mchele, na lina povu dogo linalochomachoma ulimi. Hili linataka chumvi na ukavu. Yule mama alipokuja, hawe wangu, yaani nyanya, alimketisha kwenye mkeka chini ya mkorosho, akamwekea muhogo wa kuchemsha, pilipili ya kusaga na ng'onda wa papa, yaani papa mkavu wa chumvi, aliyechomwa juu ya makaa mpaka kingo zikawa nyeusi. Yule mama alinusa kwanza kibuyu, akafumba macho. Akavunja kipande cha ng'onda, akatafuna, akanywa kupitia mrija wa tete wenye kichungio cha nyuzi. Akarudia. Ikawa ng'onda, tembo, muhogo, tembo, mpaka hawe akaanza kumwongezea bila kuulizwa, na wale wawili hawakuwa na lugha moja hata ya kuombana maji. Chumvi ya ng'onda inauvuta utamu wa tembo mbele, na utamu wa tembo unaituliza pilipili. Mahamri na mbaazi za nazi waandalie na chai. Kwa tembo tamu utakuwa unaweka utamu juu ya utamu.

Kuanzia saa sita hivi utamu umepungua na uchachu umeingia. Hapa ndipo nilipotumia nilichofundishwa mjini: mvinyo mweupe huenda na samaki kwa sababu uchachu wake unakata mafuta na kusafisha mdomo. Tembo la mchana linafanya kazi ile ile. Lipe samaki aina ya changu wa kuchoma aliyepakwa ndimu, chumvi na kitunguu saumu, au pweza, au kuku wa kupaka, ambaye tui lake zito linahitaji kitu cha kulikata. Na usiache sima kwa mtsunga. Uchungu wa mboga ile watu wa bara huuogopa, lakini ukifuatwa na tembo la saa saba uchungu unageuka kuwa harufu nzuri inayobaki kooni. Huo ndio mlo ninaoupenda kuliko yote, na ndio ningewapa wageni wangu kwanza. Desemba pepo za kaskazi zimeshaanza, bahari imetulia, utapata samaki wabichi bila shida. Wakati wa kusi, pepo za kusini zinazochafua bahari, ningekuambia utegemee ng'onda.

La jioni, lililogemwa asubuhi, ni la mbuzi wa kuchoma na maongezi. Wape wageni kidogo kidogo, na funguo za magari ziwe kwako.

Lililobaki usimwage. Hawe alilitia lile tembo changa kwenye unga wa vitumbua badala ya hamira, na vitumbua vyake vilikuwa na vitundu vya ndani na uchachu mdogo ambao hamira ya dukani hainipi mpaka leo. Likipita siku mbili tatu, ni siki. Tunaitumia kwenye achari ya embe mbichi, na nyama ngumu ukiilaza humo usiku kucha inalainika.

Ukinunua tembo nje ya shamba lako, jihadhari. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini mimi namtetea mgema: mara nyingi maji hutiwa njiani. Mfanyabiashara mmoja alikuwa akichukua letu kwa jerikani, akifika mjini anazidisha kwa maji na sukari, na wateja walikuwa wakija kumlaumu baba yangu, mtu ambaye hakuwahi kuongeza hata tone. Tembo halisi likimiminwa povu lake hukaa. Lililotiwa maji povu linakufa haraka, na ladha inaishia kwenye ncha ya ulimi.

Kama unafikiria kuuza, chukua leseni ya kaunti kwanza. Sheria ya vileo ya 2010, ile watu wanayoiita ya Mututho kwa jina la mbunge aliyeipeleka bungeni, iliruhusu pombe za kienyeji kwa masharti, lakini saa za baa siku za kazi ziliwekwa kuanzia saa kumi na moja jioni. Fikiria sheria hiyo kwa tembo tamu la asubuhi! Iliandikwa kwa ajili ya chupa inayoweza kungoja kwenye rafu. Mpaka leo naona hatukutendewa haki hapo.

Mawili madogo kuhusu siku yenyewe. Majirani zako wengine ni Waislamu, na watakuja kukusalimia ukifika, kwa hiyo angua madafu ya kutosha, uwaandalie sehemu yao mbali na vibuyu. Na kama kuna mzee wa ukoo, kibuyu cha kwanza mpe yeye. Atamimina kidogo chini kwa ajili ya koma, yaani mizimu ya wazee waliotutangulia, atamtaja baba yako kwa jina, na wageni wako wanyamaze mpaka amalize.

Ukifika Malindi pita hapa Ganda, nikukutanishe na kijana aliyefundishwa na baba. Anakata mara moja tu. Ila fika kabla ya saa mbili asubuhi, kwani baada ya hapo tembo tamu nitakuwa sina tena la kukuonjesha.