Goti linauma na eksirei iko safi: lini upige MRI, na uende nayo vipi

Watu wananiandikia sana inboksi kuhusu hii ishu, na swali huwa ni lile lile, "kaka, mguu unauma, eksirei nimepiga wanasema iko safi, sasa nikapige MRI?" Badala ya kumjibu kila mtu peke yake naona niandike yote hapa, maana nimepita huko kwa goti langu mwenyewe, alafu nikapita tena na mtoto wa dada yangu, na hayo mambo mawili yalikuwa tofauti kabisa ingawa maumivu yalikuwa karibu sehemu moja. Mimi sio daktari, naandika nilichopitia na nilichoelezwa na madaktari wa mifupa nikiwa nauliza maswali mpaka wakachoka.

Kitu cha kwanza nachotaka ukijue ni kwamba MRI inajibu swali, na kama hakuna swali jibu lake linaweza kukuchanganya zaidi ya kukusaidia. Eksirei inaona mfupa vizuri sana lakini haioni kano, haioni gegedu, haioni msuli wala uboho ulioko ndani ya mfupa. MRI inatumia sumaku na mawimbi ya redio, haina mionzi kama ya eksirei, na inachosoma hasa ni maji na mafuta yaliyomo mwilini, ndio maana nyama laini inazionesha kwa namna ambayo eksirei haiwezi. Mashine nyingi za hospitali zina nguvu ya tesla 1.5, yaani kama mara 30,000 ya usumaku wa dunia hii tunayokanyaga, kumbuka nguvu hiyo nikifika kwenye mambo ya vyuma.

Goti langu lilikuwa hivi. Bonanza la Jumapili, nimegeuka ghafla mguu umebaki umekita chini, nikasikia kitu kimelia "tap" ndani, na kabla hata mechi haijaisha goti lilikuwa limevimba limejaa. Eksirei ikaja safi. Nikaambiwa nipumzike, nikapewa dawa za maumivu, uvimbe ukashuka, nikatembea. Tatizo lilikuwa kwenye kushuka, nikishuka kwenye daladala goti linachomoka kama linataka kukimbilia pembeni. Daktari wa mifupa niliyeenda kumuona baadae hakukimbilia mashine, alinilaza, akashika paja kwa mkono mmoja na ugoko kwa mwingine akauvuta mbele, akafanya hivyo hivyo kwenye goti la pili lisiloumia, alafu akasema "ligamenti ya mbele imekatika, nina uhakika karibu wote, MRI naitaka nijue meniskasi ikoje kabla hatujaamua upasuaji." Ligamenti ni kamba inayoshika mfupa na mfupa, meniskasi ni kama mto wa gegedu ulioko katikati ya goti. Umeona hapo? Alishajua anatafuta nini. Picha zikaonesha ligamenti ya mbele imekatika yote, meniskasi ya ndani imechanika, na mfupa una michubuko kwa ndani ambayo eksirei isingeiona milele. Kilichonipa akili ni huo uvimbe wa haraka. Goti likivimba ndani ya saa moja au mbili baada ya kujipinda mara nyingi ni damu imejaa humo ndani, na damu haiji bure, kuna kitu kimekatika au kimevunjika. Likivimba taratibu kesho yake hiyo ni habari nyingine.

Kwa hiyo kama goti linachomoka, au linajifunga halinyooki, au bega baada ya kuanguka na bodaboda haliinuki kabisa, au umeangukia mkono na kifundo kinauma chini ya kidole gumba na eksirei haioni kitu, hapo kuna swali na MRI inaweza kulijibu. Na wenzetu wenye selimundu, nyonga ikianza kuuma msikubali kuambiwa ni maumivu ya kawaida tu ya ugonjwa, mfupa wa nyonga unaweza kuwa umeanza kufa kwa kukosa damu na MRI inauona mapema wakati eksirei bado inaonekana safi.

Sasa nije kwa mtoto wa dada, na hapa naomba msome taratibu.

Kijana wa miaka kumi na sita, anacheza mpira shule, alipigwa teke juu kidogo ya goti na kila mtu akashika hilo teke kuwa ndio sababu. Maumivu hayakuisha. Akachuliwa na dawa za kuchua, ikapita, ikarudi. Kitu ambacho dada alikitaja kama jambo dogo, na mimi ndicho kilichonishtua, ni kwamba mtoto alikuwa anaamka usiku kwa maumivu. Mchana anatembea, usiku analia. Maumivu ya kuumia mpirani kwa kawaida ukipumzika yanapungua, haya yalikuwa yanaongezeka akiwa amelala, na pale juu ya goti palikuwa na uvimbe mgumu, sio wa maji, umeshikana na mfupa. Majirani walishaleta namba ya fundi wa mifupa wa kuja kumkanda. Nikamwambia dada hapana, huyu hakandwi na mtu yeyote mpaka mfupa upigwe picha.

Na huu ndio ushauri wangu mkubwa, ukisahau mengine yote shika huu: mtoto au kijana anayeumwa mfupa usiku kwa wiki kadhaa, hasa jirani na goti au juu ya mkono karibu na bega, au ana uvimbe unaokua, usimchue, usimchanje chale, usimfunge dawa, mpeleke akapige eksirei. Eksirei ya kawaida, ya bei nafuu, ndio inaanza. Uvimbe wa mfupa mara nyingi unaonekana humo humo, na daktari mzuri kwa eksirei peke yake anaweza kukisia ni wa aina gani, MRI inakuja baadae kuonesha umefika wapi. Wapo wanaoruka eksirei wakidhani MRI ni kubwa kwa hiyo inatosha, sio kweli, kuna vitu kwenye MRI vinatisha kama saratani kumbe ni ufa mdogo wa mfupa unaojiponya, na bila eksirei pembeni mtu anaweza kupotoshwa.

Eksirei ya kijana wetu ilionesha mfupa wa paja kwa chini umeliwa na juu yake kuna vijimiale vya mfupa mpya vimetoka nje. Hospitali ya kwanza, ambayo sitaitaja, walitaka kesho yake wamkate pale pale wachukue kinyama wakapime. Mimi na dada tulikuwa tayari kusaini maana unapokuwa na hofu unataka jibu leo leo. Bahati yetu tulimpigia daktari mwingine wa mifupa, akatuambia kwa sauti ambayo bado naisikia, "Asiguswe na kisu kwanza. Pigeni MRI ya paja zima, kuanzia nyonga mpaka goti, alafu kinyama kichukuliwe na yule yule atakayekuja kumfanyia upasuaji."

Nilimuuliza kwa nini, akanieleza na nikaelewa. Ukishachoma sindano au kukata, damu na uvimbe wa kidonda vinaingia kwenye picha na huwezi tena kutofautisha ipi ni saratani na ipi ni jeraha la kipimo. Pili, njia iliyopita sindano inahesabika kuwa imechafuka, kwa hiyo daktari wa upasuaji lazima aitoe yote, na ikiwa imepitishwa pabaya unaweza kumkosesha mtu mguu ambao ungeweza kuokolewa. Tatu, saratani hii wakati mwingine inaruka, inaacha kipande cha mfupa kizima kisha inatokea tena juu zaidi, ndio maana alitaka mfupa wote, sio goti tu. Karatasi ya kwanza ya kuomba kipimo ilikuwa imeandikwa "MRI ya goti". Ingepigwa hivyo tungelipa tena.

Chumba cha MRI fundi alimbandikia kidonge cha vitamini E kwa plasta juu ya ngozi pale pale penye uvimbe, nikashangaa, kumbe mafuta ya kile kidonge yanang'aa kwenye picha kwa hiyo anayesoma anajua mgonjwa anaonesha wapi. Baadae daktari alitufungulia picha kwenye kompyuta. Ndani ya sehemu ya mfupa isiyo na ugonjwa uboho ulikuwa mweupe kwa sababu ya mafuta, ukishuka chini unafika mahali weupe unakatika ghafla unakuwa mweusi, akaweka alama pale akapima kwa sentimita mpaka kwenye goti, akasema "nitakata juu ya hapa, na hapa katikati naacha nafasi ya usalama." Mshipa mkubwa wa damu nyuma ya goti ulikuwa umezungukwa na uvimbe, nalo hilo lilionekana wazi. Yaani upasuaji mzima ulichorwa kwenye ile skrini.

Jibu la kinyama lilikuwa osteosakoma, aina ya saratani ya mfupa. Akapigwa CT (eksirei ya kompyuta) ya kifua maana huwa inakimbilia mapafuni, mapafu yalikuwa safi. Akaanza dripu za kemo, yaani dawa za saratani, kwanza, MRI ikarudiwa kuona imesinyaa kiasi gani, alafu upasuaji. Mguu hatukuweza kuubakiza. Nasema wazi kwa sababu kuna mzazi atasoma hapa akiwa kwenye hali hiyo hiyo na hataki kudanganywa. Kijana yupo, anatembea kwa mguu wa bandia, anasoma kidato cha tano, na kila akienda kliniki kifua kinapigwa picha tena.

Mgongo nausemea haraka maana ndio unaongoza kwa watu kupoteza hela. Mwaka 1994 madaktari wa Marekani walitoa matokeo ya MRI za watu 98 ambao hawakuwa na maumivu ya mgongo kabisa, na zaidi ya nusu walikutwa na diski, ule mto ulioko kati ya pingili za mgongo, iliyotokeza. Sasa wewe mgongo umekaza kwa sababu ya kubeba saruji, ukapige MRI wakakuta diski, unaanza kuishi kama mgonjwa. Mgongo mwingi unapoa wenyewe kwa wiki kadhaa. Lakini usisubiri hata siku moja ukiona ganzi sehemu za siri na makalio, mkojo unagoma au unatoka wenyewe, au miguu inaishiwa nguvu, hiyo ni dharura. Na mgongo unaouma pamoja na homa za jioni, jasho la usiku na kukonda, mfikirie TB ya uti wa mgongo, ipo sana kwetu na MRI inaionesha vizuri. Aliyewahi kuugua saratani ya titi au tezi dume akianza kuumwa mgongo naye asicheleweshwe.

Uvimbe kwenye nyama nao hivyo hivyo. Kivimbe laini cha mafuta chini ya ngozi ambacho kina miaka hakikui wala hakipungui, ultrasaundi inatosha kuanzia. Ila ukiwa unakua, uko ndani kwenye msuli, au umezidi sentimita 5, usikubali mtu aukate kwa ganzi ya sindano pale dispensari. MRI kwanza.

Kuhusu siku yenyewe. Ile sumaku haizimwi, iko hai muda wote hata mashine ikiwa kimya, kwa hiyo funguo, sarafu, simu, kadi ya benki, saa, vyote nje. Kina mama pini za hijabu na za ushungi, sidiria yenye waya, wigi lenye vibanio, shanga za kiunoni zenye chuma, hirizi iliyofungwa kwenye bati, semeni na vueni bila aibu. Mwenye betri ya moyo, kifaa kilichopandikizwa sikioni, risasi mwilini, au klipu iliyowekwa kichwani kwa upasuaji aseme kabla hajaingia mlangoni. Mafundi wa kuchomelea na kusaga vyuma mseme kabisa kazi yenu, maana kipande kidogo cha chuma kilichowahi kuingia jichoni kinaweza kusogea, na watawapiga eksirei ya macho kwanza. Wenye vyuma vya kuungia mfupa wengi wanaruhusiwa, ila picha ya sehemu ile inaharibika kidogo, nenda na karatasi ya upasuaji wako.

Kama unaogopa kufungiwa, kwa picha ya goti unaingia ukitanguliza miguu na kichwa mara nyingi kinabaki nje au karibu na nje. Kelele ni kubwa, omba vya kuziba masikio, utapewa mpira wa kubonyeza ukizidiwa. Kazi yako ni moja tu, usitikisike, nusu saa au zaidi kidogo, ukitikisa picha inapakwa na wanarudia. Kwa uvimbe huwa wanaongeza gadolini, dawa ya kufanya uvimbe uonekane vizuri, kwenye mshipa, waambie mapema kama una shida ya figo au una mimba.

Alafu ripoti. Usiisome peke yako usiku ukaanza kugugo kila neno. Mpelekee aliyekuagiza, na mwambie akuoneshe picha zenyewe. Kabla ya kwenda kupima mwombe aandike kwenye fomu anachotafuta, "maumivu ya mguu" haimsaidii msomaji wa picha, "uvimbe mgumu juu ya goti, unauma usiku, miezi miwili" inamsaidia sana. Nenda na eksirei zako za zamani. Kama una bima, kibali kiombwe kabla, maana kulipa mfukoni ni laki kadhaa. Na ukimaliza dai CD, sio filamu na karatasi peke yake, filamu ina picha chache zilizochaguliwa na daktari wa hospitali nyingine atataka kuziona zote, sisi ile CD ndiyo tuliyotembea nayo kwa kila daktari na kila mmoja aliifungua palepale bila kutuambia turudie kipimo.