Mdororo, Roosevelt na vita: majibu kwa maswali yenu

Maswali kuhusu Marekani ya mwaka 1929 hadi 1945, yaani tangu uchumi ulipoanguka (Mdororo Mkuu) hadi mwisho wa Vita Kuu ya Pili, yamekuja mengi kuliko nafasi niliyo nayo. Nimechukua yale yanayorudiwarudiwa.

Shikamoo mwalimu. Je, ni sahihi kujibu kwamba kuanguka kwa soko la hisa la New York, Oktoba 1929, ndiko kulikoleta Mdororo Mkuu? (Kidato cha Nne, Tabora)

Marahaba. Ukiishia hapo utapata nusu ya maksi. Wamarekani wengi hawakuwa na hisa hata moja. Wakulima walikuwa hoi tangu miaka ya 1920: bei za mazao zilishuka, madeni ya mashamba yakabaki palepale. Soko lilipoanguka, walionunua hisa kwa mkopo wakafilisika, na waliowakopesha wakabaki mikono mitupu. Kisha serikali ikaongeza chumvi kwenye kidonda. Sheria ya mwaka 1930 ilipandisha ushuru wa bidhaa kutoka nje, nchi nyingine zikalipiza kisasi, biashara ikasinyaa. Benki Kuu nayo ikatazama tu benki zikifa kwa maelfu, na akiba za watu zikienda nazo. Mimi ningeandika aya ndefu kuhusu benki na fupi kuhusu hisa.

Roosevelt alianza na nini? (Mombasa)

Na hizohizo benki. Alipoapishwa kuwa rais tarehe 4 Machi 1933, takriban mfanyakazi mmoja kati ya wanne hakuwa na kazi, na majimbo mengi yalikuwa yameshafunga benki au kuweka kikomo cha kutoa pesa. Siku mbili baadaye akazifunga zote, nchi nzima. Watu wakaishi kwa kukopa dukani, na baadhi ya miji ikachapisha vyeti vya kutumia badala ya dola. Tarehe 9 Bunge likapitisha sheria ya dharura kwa siku moja. Wabunge wengi walipiga kura bila nakala mkononi, wamesomewa tu. (Haraka ya namna hiyo siipendi, lakini sijui kama ningekataa.)

Jumapili usiku, tarehe 12, Roosevelt akaingia redioni. Akaeleza polepole kwamba pesa unayoweka benki haikai kasikini ikikusubiri. Inakopeshwa ili izunguke, ndiyo maana wateja wote wakija kuidai siku moja, hata benki yenye afya kabisa itashindwa kuwalipa. Akawahakikishia kwamba pesa zao zingekuwa salama zaidi katika benki iliyofunguliwa upya kuliko chini ya godoro. Kesho yake foleni zikarudi kwenye milango ya benki, ila safari hii watu walikuja kuweka. Mwaka huohuo ikapitishwa sheria ya bima ya amana, yaani pesa ambazo watu wameweka benki; kuanzia Januari 1934 mteja alilindwa hadi dola 2,500. Hotuba ndiyo inayokumbukwa. Kwa maoni yangu, bima ndiyo iliyofanya kazi kubwa.

Dhoruba za vumbi zilitoka wapi? (Dodoma)

Kwenye nyanda za Kansas, Oklahoma, Texas na jirani zake. Majani yaliyoshika udongo yalilimwa ili kupanda ngano, kisha ukaja ukame. Tarehe 14 Aprili 1935 wingu la vumbi lilifanya mchana kuwa usiku. Familia nyingi zilihama, baadhi zikaenda California kutafuta vibarua.

Nani alimaliza mdororo, Roosevelt au vita? Darasani tuligombana. (Nakuru)

Endeleeni kugombana, ila kwa takwimu. Mwaka 1933 wasio na ajira walikuwa karibu asilimia 25. Wakapungua, kisha serikali ilipobana matumizi mwaka 1937, wakafikia karibu asilimia 19 mwaka uliofuata. Mwaka 1944 walikuwa kama asilimia 1 tu. Kwa hiyo vita ndiyo iliyomaliza kazi. Lakini angalieni: hesabu hizo zinawaweka vibarua wa miradi ya serikali, waliojenga barabara na shule kwa mshahara, kwenye kundi la wasio na ajira. Ukiwaondoa, Roosevelt anaonekana vizuri zaidi. Na vita yenyewe ilifanya nini, kama si serikali kumwaga pesa kuliko ilivyowahi kuthubutu? Kuanzia Februari 1942 viwanda viliacha kuunda magari ya raia, vikageukia vifaru na ndege.

Msisahau walioachwa nje. Sheria ya pensheni ya mwaka 1935 haikuwagusa vibarua wa mashambani na watumishi wa majumbani, na Wamarekani weusi wengi walifanya kazi hizo. Viwanda vya silaha navyo viliamriwa kuacha ubaguzi mwaka 1941, baada tu ya A. Philip Randolph, kiongozi wa wafanyakazi weusi, kutishia maandamano makubwa Washington.

Wajapani waliokuwa Marekani walifanywa nini? (Zanzibar)

Baada ya Japani kushambulia Pearl Harbor, kituo cha jeshi la majini la Marekani huko Hawaii, tarehe 7 Desemba 1941, amri ya Roosevelt ya Februari 1942 iliwezesha watu takriban 120,000 wa asili ya Kijapani kuhamishwa makambini. Theluthi mbili walikuwa raia wa Marekani. Serikali iliomba radhi mwaka 1988 na kuwalipa waliokuwa hai dola 20,000 kila mmoja.

Wazee wetu husema bomu la Hiroshima lilitoka Katanga. Ni kweli? (Lubumbashi)

Bomu liliundwa Marekani, lakini sehemu kubwa ya urani yake (madini yaliyolipa bomu nguvu) ilitoka Shinkolobwe, mgodi wa kampuni ya Union Minière karibu na Likasi, hukohuko Katanga, Kongo. Madini yake yalikuwa na urani nyingi mno kuliko ya Kanada au ya Marekani kwenyewe. Mkurugenzi wa kampuni, Edgar Sengier, alikuwa ameshasafirisha zaidi ya tani 1,000 hadi New York mwaka 1940, zikahifadhiwa kwenye ghala Staten Island. Jeshi la Marekani lilipokuja kuyaulizia mwaka 1942, mzigo ulikuwa tayari bandarini kwao. Mgodi wenyewe ulikuwa umefungwa na kujaa maji, ukafunguliwa upya ili wachimbaji wa Kongo waendelee kuyatoa madini hayo.